Kisu Kinawekwa Chini

Kisu changu cha jikoni ni kifupi, hakizidi sana kiganja, na bapa lake ni nene kiasi kwamba halipindi hata ukilitumia kubandua kifuniko cha debe. Wajukuu wangu hawakipendi. Wameniletea visu vya dukani, vyembamba, vyenye mipini ya plastiki, na kila kimoja kimevunjika au kimelegea mpini huku mimi naendelea na changu. Wanasema kimechakaa. Nawaambia mimi pia nimechakaa, na bado wanakula chakula changu.

Kwa kisu hicho nimemenya mihogo, nimeparua magamba ya perege wa mto Mkondoa, nimekata miche ya sabuni, nimechanja vijiti vya kuwashia moto, nimechonga vigingi vya kufungia mbuzi, nimefumua mishono ya magauni ya mkubwa ili yamwenee mdogo. Siku moja kilikata kamba ya mzigo wa safari. Kamba hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike haya, kwa sababu siku ile nilikuwa karibu kumpoteza mume wangu, na hakuwa anakufa.

Wakati wa Mwingereza tambarare za Kilosa zilikuwa mkonge mtupu, mistari kwa mistari mpaka igote kwenye vilima. Mimi nilizaliwa huko juu milimani, kwa watu wa mahindi, maharage na kanisa. Watu wa mkonge tuliwatazama kwa mbali. Walikuwa manamba, walioletwa kwa mikataba kutoka nchi za mbali, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokotaokota. Mume wangu alitoka kusini, upande wa Songea. Nilimwona kwanza sokoni Kilosa, nilipoteremka na mama kuuza maharage. Alinunua, akayakosoa kwamba yana mchanga, akaenda zake. Siku nyingine ya soko akarudi, akanunua tena, akakosoa tena. Mama alisema kijana yule ana mdomo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuupenda huo mdomo.

Tulipooana nikahamia kambini, kwenye chumba kimoja katika safu ya vyumba vilivyofanana kama meno. Alfajiri wanaume walitoka na visu vyao virefu kwenda kukata mkonge, na mchana walirudi na utomvu umewakaukia mikononi, wakijikuna. Mume wangu alirudi akizungumza. Alizungumza akinawa, akila, akijikuna. Alibishana nami kuhusu chumvi, kuhusu namna ya kusonga ugali, kuhusu mvua ya kesho. Nikikubaliana naye aligeuka upande wa pili ili tuendelee kubishana. Nilikulia nyumba ya watu wapole, na mwanzoni nilidhani amenikasirikia. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo alivyopumzika.

Kisu alinitengenezea mwaka ule wa kwanza. Kimoja cha visu vya kazini kilikuwa kimevunjika katikati, mnyapara akakitupa, na yeye akakiokota. Jumapili baada ya Jumapili alikwenda kukaa mtoni, akasugua kile kipande juu ya jiwe mpaka kikapata umbo na makali. Mpini aliuchonga kwa mpingo. Alitoboa mpini kwa msumari wa moto, akaingiza mkia wa kisu, kisha akauviringishia uzi wa mkonge aliousokota mwenyewe pajani, ili usiteleze mkono ukiwa na maji. Alipomaliza aliingia ndani nikiwa napepeta unga, akaninyooshea mpini.

"Pokea."

Sikunyoosha mkono. "Weka chini," nikamwambia.

"Niweke chini? Kuna nini?"

"Weka tu. Nitaokota."

Nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa. Kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Anayekitoa anakiweka chini, anayekitaka anakiokota, na hapo kinakuwa hakijatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mama alisema mkipokezana kisu mkononi mtagombana, na mkizoea kupokezana nyumba itavunjika. Mama alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili haikumpita, na hakuwahi kuona tatizo lolote kati ya sala zake na kisu chake. Hata jirani akija kuazima, kisu kilitua chini kwanza. Mimi nilifuata kama nilivyofuata kunawa mikono.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa. Kisha akakiweka chini kwa adabu nyingi mno, akapiga goti, akarudi nyuma kama aliyetoa sadaka kwa mizimu. Kwa wiki nzima aliniwekea chini kila kitu, kijiko, kitana, kofia yake, hata shilingi za chumvi. "Tusije tukagombana," alisema. Lakini kisu chenyewe hakuwahi kunipa mkononi tena, wala mimi sikumpa. Alifanya mzaha na kila kitu, ila nilichokiogopa kweli alikiheshimu. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa kisu.

Sasa nieleze habari ya macho. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu tangu utoto, baada ya surua. Aliona mwanga nalo, basi. Dunia yote aliiona kwa jicho la kulia. Na jani la mkonge, kwa yule asiyelijua, lina mwiba mweusi nchani, mgumu, unaopenya hata ngozi ya kiatu. Wakataji hodari huukata mwiba kwanza kabla ya kuinama kwenye jani, na yeye alikuwa hodari. Lakini asubuhi moja jani la pembeni, ambalo hakuna aliyekuwa analishughulikia, lilimrudia usoni alipokuwa anainuka, na mwiba ukaingia jicho la kulia.

Walimleta nyumbani kwenye toroli la mkonge, kwenye ile reli ndogo, ameketi juu ya mafungu amefunika uso kwa shati. Nilikwenda naye Kilosa hospitali, na tulihudumiwa vizuri. Dresa mmoja mzee alimsafisha kila siku kwa mkono mwepesi sana. Hakukuwa na la kufanya. Bandeji ilipotolewa alisema anaona mlango ulipo, kwa sababu ya mwanga, na mimi ananiona kama kivuli mlangoni.

Tuliporudi kambini sikuogopa upofu. Nilikuwa na mikono, na milimani nimewaona vipofu waliolima na kuoa. Nilichoogopa kilianza siku ya kwanza ya chakula. Nilikuwa nimesahau chumvi kabisa, kwa uchovu. Alikula. Nikamwuliza, chakula kikoje?

"Sawa," akasema.

Nikadhani anaumwa. Siku ya pili nikaunguza maharage, safari hii kwa makusudi, nikakaa nikisubiri. Sawa. Nikamwambia mvua haitanyesha, wakati ngurumo zilikuwa zinasikika. Sawa. Hakukuwa na hasira ndani ya neno hilo, wala huzuni ambayo ningeweza kuishika. Ilikuwa kama kumgongea mtu aliyehama. Nililichukia neno sawa, na mpaka leo wajukuu wakinijibu hivyo nawaambia watafute lingine.

Kisha siku moja akaniambia, kwa upole, kwamba mkataba wake umekwisha. Lori litakalowarudisha manamba wa kusini litapita kambini baada ya siku chache, nalo litafuata barabara ya Mikumi kwenda Iringa na mbele yake. Yeye atapanda. Wenzake wamekubali kumshika mkono mpaka kwao, ambako kaka zake watamtunza.

"Na mimi?"

"Wewe bado kijana. Mama yako yupo karibu. Mkataji asiyekata hana chumba hapa, na mimi sitaki ukae ukiniongoza kwenda chooni mpaka uzeeke."

"Nani amekuambia sitaki?"

"Sawa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Nililia nje, nyuma ya jiko, kwa sababu kulia mbele ya mtu asiyekuona na asiyekujibu ni kazi bure.

Siku moja kabla ya lori, mchana, alikuwa sakafuni anafunga mzigo wake. Ulikuwa blanketi, mashati, na sufuria ndogo aliyokuja nayo kutoka kwao. Alikuwa ameufunga kwa kamba ya mkonge na ncha moja ilibaki ndefu. Akaomba kisu.

Nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote. Nikakiweka chini mbele yake, mpini ukimwelekea. "Hicho hapo."

Akapeleka mkono. Ulipita pembeni. Ukarudi, ukapapasa udongo, ukaenda mbali zaidi, ukarudi tena na kugusa makali, ukashtuka. Vidole vilikuwa vinatafuta kitu alichokisugua mwenyewe mtoni Jumapili zote zile, kiko shubiri moja kutoka gotini kwake, na mimi nimesimama juu yake namwangalia. Sikusogea. Si kwamba sikuwa na huruma. Nilikuwa nawaza kwamba huyu mtu anaondoka kesho, na nikimpa kisu mkononi leo nitakuwa nimemsukuma mwenyewe.

Akaurudisha mkono mapajani.

"Sawa," akasema. "Kata wewe."

Nikakata ile ncha.

Mchana huohuo mama alifika. Nilikuwa nimemtumia habari kwa mtu wa sokoni, naye alishuka na kapu la mihogo kichwani, na kapu jingine tupu la kubebea vitu vyangu. Mume wangu alimsikia sauti uani, akanyanyuka, akasimama mlangoni ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na macho."

Akajibu ameshapoa, akarudi kuketi kizingitini, ameegemeza mgongo. Kwa kawaida asingekaa karibu na mama mkwe wake. Angejitafutia shughuli nyuma ya nyumba, kama walivyofanya wakwe wote wenye haya. Lakini mama aliketi mbali kidogo, kivulini, akawa anawatazama kuku wa jirani na hakusema neno. Baada ya muda nadhani mume wangu alimsahau, au alidhani amekwenda kusalimia watu.

Niliketi na mihogo na kisu. Nilianza kumenya mmoja. Yeye alikuwa mbele yangu, mzigo umefungwa kando yake, mikono imelala mapajani, viganja juu, bila kitu. Niliitazama ile mikono. Ilikuwa mikono mikubwa yenye makovu ya miba, iliyojua kusokota, kuchonga, kunoa, kukata. Hakuna kilichokuwa kimeipata. Nikafikiri juu ya ugomvi ambao mama alituonya juu yake. Tangu hospitali hatujagombana hata mara moja. Kisu tumekiweka chini kila siku, kwa adabu, na kesho lori linamchukua.

Nikainuka, nikachuchumaa mbele yake, nikachukua mkono wake wa kulia na kuweka mpini ndani yake. Nikamfunga vidole, kimoja kimoja, juu ya ule uzi wa mkonge. Katika mkono wa kushoto nikaweka muhogo.

"Menya," nikasema. "Tutakula saa ngapi?"

Kidole gumba chake kilipita juu ya uzi, kikashuka mpaka mahali bapa linapoanza, kikasimama hapo. Alijua kilikuwa kisu gani, bila shaka, lakini nafikiri tangu mwiba ule ilikuwa mara ya kwanza kwake kushika kitu akijua chote kilivyo.

"Umenipa mkononi," akasema.

"Nimekupa. Menya."

Akachana ganda kwa urefu, akaingiza gumba chini yake, akaanza kulibandua huku akiuviringisha muhogo. Alianza polepole, halafu si polepole. Nilichukua ganda la kwanza lililoanguka nikaliangalia. Lilikuwa nene mno. Sitasema uongo kwamba niliyapanga maneno yaliyonitoka.

"Unatupa nusu ya muhogo."

Mkono ukasimama. "Nani?"

"Wewe. Tazama ganda hili." Nilijua nilichosema, na sikukirudisha.

"Nitazame kwa nini, kwa kisogo? Ganda la muhogo likiwa jembamba linabaki na uchungu. Kwenu milimani mnakula uchungu, mnasema ni utamu."

"Kwetu milimani hatutupi chakula."

"Kwenu hamna chakula cha kutupa. Kisu hiki nimekitengeneza mimi, na wewe mtoto wa kanisa utanifundisha kukishika? Na hayo maharage yako ya juzi, ulidhani sikujua kwamba yameungua? Niliyala kwa sababu ya adabu tu. Na chumvi je? Siku ile ulipika maji."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kipofu akikosoa chakula anaambiwa apike."

"Basi ndiyo nakuambia upike."

Alifungua mdomo kunijibu, na kivulini mama akakohoa. Mume wangu aliganda. Haya ilimpanda usoni mpaka masikioni. Alitaka kusimama akimbie, akasahau kwamba yuko kizingitini, akajigonga bega, muhogo ukaanguka. Kisu hakukiachia.

Mama alikuwa amegeuza uso wote upande wa kuku, kama mtu ambaye hakuona nani amempa nani nini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilijua anacheka, na nilijua pia kwamba anajifuta machozi na ncha ya khanga.

"Kaa, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Malizia muhogo."

Akakaa. Akamenya kapu lote, maganda manene hivyohivyo. Alipomaliza alivuta mzigo wake, akapapasa mpaka akaipata kamba, akaingiza ncha ya kisu chini yake na kukata.

"Nataka sufuria yangu," akasema. "Hiyo yako inanuka maharage ya kuungua."

Mkataba ulikuwa umekwisha na chumba hakikuwa chetu tena, hilo halikubadilika. Mama ndiye aliyesema kwamba mjomba wangu, kaka yake, ana shamba Mikumi, karibu na barabara, na hana watu. Kesho yake lori lilipokuja tulipanda wote wawili. Wenzake wa kusini walishangaa kuniona, na walishangaa zaidi tulipobishana njia nzima kuhusu upande gani wa lori una vumbi dogo. Mikumi tuligonga bodi, tukashuka. Wao wakaendelea kwenda Iringa, wakitupungia mikono, na mimi nikaushika mkono wake yeye, nikaupunga kwa niaba yake.

Huko tuliishi miaka yetu. Mimi nililima, nikafukuza nyani, nikachemsha mihogo kwa ajili ya watu wa malori. Yeye alichonga miiko kwa kisu hicho, akiketi kando ya barabara, akiyasikia magari kabla yetu sote. Aliukagua mwiko kwa gumba lake vizuri kuliko mtu anavyoukagua kwa macho, na mteja aliyesema umepinda alijuta, maana aliambiwa ugali wake ndio uliopinda. Kisu kilikuwa kimoja. Asubuhi nilikihitaji mimi, mchana alikihitaji yeye, jioni tena mimi. Kilipita kati ya mikono yetu mara nyingi kila siku, mpini kwanza, na nilijifunza kugusa kiganja chake kidogo kwa vidole kabla ya kumpa, ili ajue kinakuja.

Na mama alisema kweli. Tuligombana. Tuligombana kuhusu chumvi, kuhusu majina ya watoto, kuhusu jogoo wa jirani, kuhusu kama Mwingereza ataondoka au hataondoka, na alipoondoka tuligombana kuhusu nani kati yetu alisema mapema. Watoto wetu walikua wakidhani ndivyo watu wanavyosalimiana.

Amelala sasa pale nyuma ya nyumba, karibu na mihogo. Asubuhi bado namenya mwenyewe, ganda nene, kama alivyotaka. Nikimaliza, mkono wangu hunyooka pembeni na mpini mbele, halafu nakumbuka. Ninakiweka kisu chini. Nyumba ina amani siku hizi, hakuna anayenibishia neno, na sijaizoea.